Sigara Yala Mgongo, Kiti Chasingiziwa

Katika ofisi za umma na katika vyumba vya walimu kuna malalamiko yanayosikika kila asubuhi, kabla majalada hayajafunguliwa na kabla kengele ya kwanza haijagongwa. Ni malalamiko ya mgongo na shingo. Karani anajishika kiuno anapoinuka kitini. Mwalimu anageuza kiwiliwili kizima badala ya shingo anapoitwa na mwanafunzi wa nyuma. Lawama hutolewa papo hapo: kiti kibovu, meza fupi, madaftari mengi, kompyuta, msongamano wa daladala, umri. Kila kitu hushtakiwa isipokuwa kimoja, nacho kimo katika mfuko wa shati la mlalamikaji, ubavuni mwa kiberiti.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ni mara chache methali hupata kutimia neno kwa neno kama inavyotimia hapa. Pakiti ya sigara iliyomo mfukoni ni adui wa mgongo ule ule unaolalamikiwa, na mlalamikaji, baada ya kukilaani kiti chake kwa dakika kumi, hutoka nje kwenda kuvuta ili apate nafuu ya maumivu. Anarudi ameburudika, anaketi juu ya kiti alichokilaani, na maradhi yanaendelea na kazi yake kimya kimya.

Wananchi wamekwisha elezwa mara nyingi kwamba sigara huharibu mapafu na moyo. Tangu mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha huko Uingereza uchunguzi wao kuhusu uvutaji na saratani ya mapafu, hakuna msomi wa haki anayeweza kudai kwamba hakuambiwa. Lakini onyo hilo limezaa hesabu ya hatari katika vichwa vya wavutaji. Mvutaji wa miaka 30 hujiambia kwamba saratani ni jambo la uzeeni. Huenda ikaja, huenda isije. Na hata ikija, atakuwa amekwisha staafu. Hesabu hiyo inakosea tangu mstari wa kwanza, kwa maana mgongo haungoji kustaafu. Mgongo hudai deni lake wakati mtu angali kazini, angali na watoto wa kusomesha, na wakati taifa lingali linamhitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kuutazama uti wa mgongo wenyewe. Mtu mzima ana pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifuani na 5 za kiunoni, kisha chini yake mifupa iliyoungana hadi kwenye kifandugu. Kati ya pingili na pingili, ukiacha zile mbili za juu kabisa, limewekwa takia la gegedu ambalo waganga huliita diski. Takia hilo ndilo linalopokea uzito wa mwili mtu anapoketi, anapoinama na anapobeba mzigo. Ndilo linalomwezesha mwalimu kuinua uso ubaoni na kuushusha kwenye daftari mara mia kwa siku bila mfupa kusagana na mfupa.

Sasa diski hiyo ina umaskini mmoja wa kuzaliwa. Sehemu yake ya ndani haina mishipa ya damu. Chakula chake na oksijeni yake hutoka katika vimishipa vyembamba sana vya pingili jirani, vikapenya polepole kupitia bamba la gegedu mpaka vifike kwa chembe hai zilizomo ndani. Taka zake hutoka kwa njia hiyo hiyo. Hali yake ni kama ya kijiji kisicho na bomba, kinachoishi kwa maji yanayochuruzika kutoka kisima cha jirani. Kijiji cha namna hiyo kinaweza kuishi, na watu wake wakafanya kazi zao, alimradi mtu asikiharibu kile kisima.

Sigara hukiharibu kisima kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, nikotini huibana mishipa midogo ya damu, na hivyo kile kidogo kilichokuwa kikichuruzika hupungua. Pili, moshi huleta hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikakaa mahali pa oksijeni kama mlanguzi aliyekalia kiti cha mwenye haki. Basi ndoo zinazofika kijijini zinakuwa chache, na ndani ya ndoo zenyewe maji hayatoshi. Chembe hai za diski hudhoofika na kufa. Diski hukauka, hupoteza kimo chake, hupata nyufa, na mwishowe huweza kuchomoza na kuukandamiza mshipa wa fahamu unaopita kando yake.

Jambo hilo likitokea kiunoni, maumivu huteremka kwenye tako na paja hadi wayo. Likitokea shingoni, hupanda kwenye bega na kushuka mkononi, vidole vikafa ganzi, kalamu ikamponyoka karani na chaki ikamwanguka mwalimu. Tena mvutaji ana kikohozi. Daktari Alf Nachemson wa Sweden, ambaye katika miaka ya 1960 alipima kwa sindano mkandamizo uliomo ndani ya diski za watu walio hai, alionyesha kwamba hata kukohoa huuongeza mkandamizo huo. Mtu aliyedhoofisha diski zake kwa moshi, kisha akakohoa kila alfajiri kwa sababu ya moshi ule ule, anaipiga nyumba nyundo baada ya kuulowesha msingi wake.

Wako watakaosema kwamba hayo ni maelezo tu ya vitabuni, na kwamba watu hutofautiana kwa kuzaliwa. Hoja hiyo imekwisha jaribiwa. Mwaka 1991 watafiti walichapisha uchunguzi wa jozi 20 za mapacha wa kufanana kutoka Finland, ambao katika kila jozi mmoja alikuwa mvutaji na mwenziwe hakuwa mvutaji. Mapacha hao walikuwa na urithi mmoja. Walipopigwa picha za ndani kwa mashine ya sumaku, uchakavu wa diski za kiuno kwa wavutaji ulikutwa, kwa wastani, umezidi ule wa ndugu zao kwa asilimia 18. Jozi 20 si watu wengi, na haifai kuugeuza uchunguzi mmoja kuwa msahafu. Lakini mwaka 2010 kundi lingine la watafiti lilikusanya pamoja uchunguzi 40 uliokuwa umefanywa kuhusu uvutaji na maumivu ya kiuno, likakuta kwamba wavutaji wana maumivu hayo zaidi ya wasiovuta, na kwamba uhusiano huo ni mkubwa zaidi kwa vijana wa umri wa shule kuliko kwa watu wazima. Walimu na wasome sentensi hiyo mara mbili.

Haki yadai isemwe pia kwamba sigara si chanzo pekee cha maumivu ya mgongo. Urithi una sehemu yake, tena kubwa. Kazi za kuinama na kubeba zina sehemu yake. Unene una sehemu yake, na kiti kibovu nacho hakina utakatifu wowote. Wako watu wengi wenye maumivu ambao hawajapata kugusa sigara. Lakini uchambuzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023, ambao ulikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, ulizitaja sababu tatu zinazoweza kuepukwa: mazingira ya kazi, uvutaji na uzito wa mwili uliozidi. Katika hizo tatu, mtumishi hawezi kuamka kesho akabadili mazingira ya kazi peke yake, na uzito haupungui kwa usiku mmoja. Sigara ndiyo pekee anayoweza kuitupa jalalani kabla ya saa nne asubuhi, bila kuomba kibali cha mtu yeyote.

Ukiachilia diski, kuna mifupa yenyewe. Uvutaji hupunguza uimara wa mifupa, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi na kwa wazee. Pingili iliyopoteza uimara huweza kubonyea kama debe lililokanyagwa, wakati mwingine kwa sababu ya kuinua ndoo tu, na mzee aliyekuwa amesimama wima akaanza kutazama ardhi. Hadhi ya uzee wake imeinamishwa na kitu alichokinunua mwenyewe, moja moja, kwa miaka 30.

Tena kuna kifua kikuu. Watu wengi hudhani kwamba kifua kikuu hukaa kifuani tu, kama jina lake lisemavyo. Sivyo. Huweza kuingia katika uti wa mgongo, kikala pingili, kikaacha kibiongo, na hata kupoozesha miguu. Daktari Percivall Pott wa London aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, na mpaka leo duniani kote unaitwa kwa jina lake. Ni daktari huyo huyo ambaye mwaka 1775 alionyesha kwamba masizi ya moshi yalikuwa yakiwaletea saratani vijana waliofanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi ya nyumba za Uingereza. Tangu zamani hizo, basi, waganga wamejua kwamba moshi ukiganda mwilini huzaa maradhi. Na leo inajulikana kwamba uvutaji humwongezea mtu hatari ya kuugua kifua kikuu. Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zilizohesabiwa na Shirika la Afya Duniani kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Katika nchi ya namna hiyo, mvutaji mwenye maumivu ya mgongo yasiyokoma, anayetoka jasho usiku na kupungua mwili, hana ruhusa ya kukisingizia kiti. Na aende hospitali upesi, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa na zisikilizwe hoja za wavutaji, maana ni wasomi na hawakosi hoja.

Hoja ya kwanza yasema: "Babu alivuta kiko mpaka akafika miaka 90, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama mnazi." Hiyo si hoja, ni hadithi. Mtu mmoja aliyevuka barabara amefumba macho akafika salama hawi ushahidi kwamba magari hayaui. Mwalimu wa hesabu ambaye angemkosoa mwanafunzi kwa kujenga kanuni juu ya mfano mmoja hana haki ya kuijenga yeye katika chumba cha walimu.

Na inafaa ijulikane hoja ya namna hiyo ilifunzwa na nani. Tarehe 4 Januari 1954 makampuni makubwa ya tumbaku ya Marekani yalitangaza kwa pamoja, katika magazeti zaidi ya 400, kwamba afya ya wateja wao ndiyo waliyoijali kuliko biashara, na kwamba ushahidi dhidi ya sigara haukuwa umethibitika. Kwa miongo mingi baada ya hapo kazi yao ikawa kupanda mashaka: huenda ni urithi, huenda ni hewa ya mjini, huenda ni kitu kingine. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya Washington aliamua kwamba makampuni hayo yalikuwa yameudanganya umma kwa miaka mingi kuhusu madhara ya uvutaji. Basi msomi wa Kiafrika anayesimama leo na kusema "huenda ni kiti" anarudia, bila kulipwa hata senti moja, wimbo uliotungwa na mabepari wa ng'ambo ili kulinda faida yao. Ukoloni wa ardhi uliondoka na bendera yake. Ukoloni wa mawazo unaweza kubaki ndani ya mfuko wa shati.

Hoja ya pili yasema: "Sigara hunipunguzia maumivu." Ni kweli kwamba nikotini humpa mvutaji burudiko la dakika chache, na sehemu ya burudiko hilo ni kutulizwa kwa kiu ambayo nikotini yenyewe iliileta. Lakini watafiti wa Chicago waliofuatilia watu 160 waliokuwa wameanza kuumwa mgongo waliripoti mwaka 2015 kwamba wavutaji walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kugeuka kuwa wagonjwa wa kudumu wa mgongo. Walikuta kwamba uvutaji hugusa zile sehemu za ubongo zinazohusika na tamaa na mazoea, ambazo ndizo pia zinazoamua kama maumivu yatapita au yatafanya makao. Mtu anayevuta ili kutuliza mgongo ni kama mkopaji anayekwenda kwa mla riba kulipa deni la mla riba yule yule.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa kuliko zote: "Ni fedha yangu na ni mgongo wangu." Mtumishi wa umma asiseme hivyo. Mshahara wake umetokana na kodi ya wananchi, na mgongo wake umeajiriwa na wananchi. Siku anazolala nyumbani kwa maumivu, mkulima aliyetembea kilometa 20 kufuata hati yake huambiwa arudi wiki ijayo, na watoto 60 wa darasa moja hukaa bila mwalimu. Tena matibabu yake hayatoki katika mfuko wake peke yake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ni kapu la pamoja: mtumishi huchangia, na mwajiri, ambaye ni umma, huchangia. Anayelitoboa kapu hilo kwa makusudi anamwibia mwenzake ambaye mtoto wake atahitaji matibabu kesho.

Na matibabu ya mgongo wa mvutaji ni ghali kuliko ya wengine, kwa kuwa mara nyingi hayashiki. Ipo operesheni ya kuunganisha pingili ambayo mafanikio yake hutegemea mfupa mpya kuota. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walilinganisha wagonjwa waliofanyiwa operesheni hiyo: mifupa ilishindwa kuungana kwa asilimia 40 ya wavutaji, na kwa asilimia 8 tu ya wasiovuta. Upasuaji umekwenda mbele tangu hapo, lakini uchunguzi wa mwaka 2000 ulikuta bado wavutaji wasioacha wanashindwa kwa asilimia 26.5, na wasiovuta kwa asilimia 14.2. Taifa lilianzisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa sheria ya mwaka 1996 ili mwananchi asilazimike kwenda nje kutafuta mpasuaji. Je, ni haki taasisi iliyojengwa kwa jasho la wengi ifanye kazi moja mara mbili kwa sababu mgonjwa amekataa kuweka chini kijiti cha karatasi?

Hoja ya nne hutolewa na wale wanaojiona wachumi: tumbaku ni zao la biashara, inaleta fedha za kigeni, na sigara inalipa kodi. Ni kweli kwamba wakulima wengi wa Tabora na Urambo, na wa sehemu nyingine za nchi, wanaishi kwa tumbaku, na haifai kuwadharau. Wao ndio wanaoinama shambani kuchuma majani, sumu ya nikotini ikapenya ngozini wakati wa umande na kuwatapisha. Wao ndio wanaobeba magogo ya kukaushia, na misitu ya miombo ikipungua wanakwenda mbali zaidi kuyatafuta. Anayetaka kweli kumsaidia mkulima huyo hatamsaidia kwa kujiunguza mapafu na kujikausha diski mjini. Atamsaidia kwa kudai apatiwe zao lingine lenye soko na bei ya haki, jambo ambalo limo ndani ya Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Kodi nayo ni mapato upande mmoja wa daftari. Upande wa pili zimeandikwa gharama za hospitali, siku za kazi zilizopotea na wajane. Mhasibu anayesoma upande mmoja tu wa daftari hufukuzwa kazi.

Baada ya kuzijibu hoja hizo, yabaki mambo ya aibu ambayo hayana hata hoja.

La kwanza ni la mwalimu anayemtuma mwanafunzi dukani kumnunulia sigara. Jambo hilo limezoeleka kiasi kwamba wengi hawalioni tena. Mtoto anakabidhiwa fedha, anakimbia, anarudi ameshika sigara mbili zilizouzwa moja moja, na kurudishiwa chenji iwe asante yake. Katika dakika hizo tano amefundishwa somo ambalo halimo katika muhtasari wowote: kwamba sigara ni kitu cha watu wazima wenye heshima, na kwamba sheria iko kwenye karatasi tu. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 imekataza kuwauzia tumbaku watoto walio chini ya umri wa miaka 18. Mwalimu anayemtuma mtoto huyo anamwingiza yeye na mwenye duka katika uvunjaji wa sheria, kisha anaingia darasani kufundisha uraia. Na ule uchunguzi wa mwaka 2010 umekwisha sema ni migongo ya nani inayohusishwa zaidi na moshi: ni ya vijana.

La pili ni la mkuu wa ofisi anayevutia chumbani mwake huku tangazo la kukataza uvutaji limebandikwa mlangoni. Karani wa chini hawezi kumkemea. Mjamzito anayeleta jalada hawezi kuziba pua mbele ya mkuu. Hivyo sigara ya bwana mkubwa inakuwa alama ya cheo, kama viboko vya zamani, na walio chini hulazimika kuivuta pamoja naye bila kupenda. Huo ni unyonyaji wa hewa. Nchi iliyotangaza katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 kwamba binadamu wote ni sawa haiwezi kukubali kwamba pumzi ya mkubwa ina haki kuliko pumzi ya mdogo.

La tatu ni uzito wetu wa kutekeleza sheria. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, iliweka umri wa miaka 21 kwa anayeuziwa tumbaku, na kukataza uvutaji hata nje, ndani ya mita 50 kutoka sehemu za umma. Kenya ilitunga yake mwaka 2007. Tanzania ilitangulia kutunga, mwaka 2003, lakini aliyetangulia kuamka hasifiwi akirudi kulala. Sheria haivuti kola ya mtu yenyewe. Hutekelezwa na wakuu wa ofisi, wakuu wa shule, maafisa afya na kamati za shule. Kila mmoja wao anasoma gazeti, na kila mmoja anajua ni wapi katika eneo lake moshi huanzia.

Isidhaniwe kwamba nchi hii haina uwezo wa kubadili mazoea ya watu. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwaweka wananchi wengi katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Waliowaongoza katika vikundi hivyo walikuwa watu wa kawaida wa vijijini, wakiwemo walimu. Hawakungoja mashine. Walikuwa na redio, majembe na uamuzi. Ikiwa mkulima asiyejua kusoma aliweza kushawishika kubadili mahali alipozoea kujisaidia tangu utoto, msomi mwenye shahada hawezi kudai kwamba kubadili zoea la kidole na midomo ni jambo lisilowezekana.

Kuacha ni kazi ngumu, na asiyevuta asijifanye shujaa kwa vita asivyopigana. Nikotini ni mnyororo wa kweli, na wengi huukata mara tatu au nne kabla haujakatika kabisa. Lakini faida yake haichelewi. Ndani ya saa 12 tangu sigara ya mwisho, ile hewa ya sumu iliyokalia kiti cha oksijeni katika damu hushuka hadi kiwango cha kawaida. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, wa wagonjwa zaidi ya 5,300 wenye matatizo ya uti wa mgongo, ulionyesha kwamba walioacha kuvuta walipata nafuu kubwa ya maumivu kuliko walioendelea. Katika ule uchunguzi wa mwaka 2000, walioacha kwa zaidi ya miezi 6 baada ya operesheni mifupa ilishindwa kuungana kwa asilimia 17.1, yaani walikaribia sana wasiovuta. Diski iliyokwisha pasuka hairudi kuwa mpya, lakini zile ambazo bado ni nzima zinangoja mwenye nazo aamue.

Mambo yanayotakiwa, basi, ni machache na hayahitaji bajeti. Mwalimu asimtume tena mtoto dukani, na mwalimu mkuu afanye hilo kuwa kosa la nidhamu. Mkuu wa ofisi awe wa kwanza kutoka nje, na wa kwanza kuacha. Mtumishi anayekwenda zahanati kwa maumivu ya mgongo au shingo aulizwe habari ya sigara kabla hajaandikiwa dawa, naye ajibu kweli. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo vina haki kamili ya kudai viti bora, viweke dai la hewa safi mbele ya dai la viti, kwa kuwa kiti kizuri hakitamsaidia mtu ambaye diski zake zinakufa kwa kiu.

Watanzania wamezoea kusema kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Usemi huo ni wa kweli, lakini taifa lina mgongo mwingine pia: ni wale wanaoandika hati, wanaopima mashamba, wanaotibu na wanaofundisha watoto kusoma. Mgongo huo ukipinda, jembe halipati mbolea kwa wakati na mtoto hapati mwalimu. Haijawahi kuwa siri ni nini kinachoupinda. Kesho asubuhi, mlalamikaji atakapojishika kiuno na kuanza kukitukana kiti chake, jirani yake wa meza ya pili na anyoshe kidole taratibu kwenye mfuko wa shati.